Nilijibu Nne

Mpaka leo mtu akiniuliza "sauti ngapi?" masikio yananiwaka. Mimi ni Ezron, mwalimu wa kwaya hapa Makandana, na aibu yangu naieleza mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine ikiwa imetiwa chumvi.

Mwaka ule kompyuta za mtumba zilianza kujaa Mbeya mjini. Kaseti tulizojirekodia kwa redio zilisikika kama tunaimba ndani ya pipa, basi tukakubaliana tununue kompyuta ya bei tunayoimudu, ikae sebuleni kwangu, nijifunze programu ya kurekodi. Tulikuwa na haraka kwa ajili ya Tusekile, aliyetuanzishia nyimbo zote. Jumapili alfajiri angepanda basi kuhamia Songea kwa mumewe, moja kwa moja. Tulitaka sauti yake ibaki.

Nilitumwa mimi kwa sababu niliwahi kuwaambia kwamba kompyuta nimezishika sana Dar es Salaam. Kweli nilizishika. Nilikuwa mfagizi wa ofisi, nilizifuta vumbi. Fred, karani ambaye kompyuta ni kazi yake ya kila siku, alijitolea kunisindikiza. Nikamwambia asijisumbue. Niliogopa angenigundua.

Dukani nilihudumiwa na dada mmoja mpole, Hellen. Akaniwekea mezani kompyuta ya kijivu, kioo kidogo, imechubuka pembeni.

"Hii ina memori ya kutosha, mwalimu, na tundu moja la maiki. Kwa anayejifunza inafaa kabisa. Kwani mnarekodi sauti ngapi kwa pamoja?"

Swali gani hilo kumuuliza mwalimu wa kwaya! Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne; hata watoto wa Sunday school wanajua.

"Nne," nikajibu, kifua mbele.

"Mna maiki nne?"

Hapo nikaelewa kwamba alikuwa anauliza kitu kingine. Maiki tulikuwa nayo moja. Lakini nyuma yangu walisimama wateja wawili, na kifua nilishakitanguliza. "Zipo," nikasema.

"Basi hii haiwafai; mtahitaji ile nyingine, yenye kadi ya sauti ya matundu manne, na kadi hiyo ni ghali. Ili bei isipande, itabidi nipunguze memori."

Nikadhani memori ni mambo ya kukumbuka, na sisi nyimbo tunazijua kwa kichwa. "Punguza tu, dada," nikamwambia.

Jumamosi mchana kwaya nzima ilijaa sebuleni kwangu. Walikuja na sare, ingawa hakuna aliyekuja kupiga picha. Tusekile akasimama mbele ya maiki, akakohoa kidogo. Nikafungua programu. Ikaganda. Nikazima, nikawasha, ikaganda tena, safari hii na maandishi ya Kiingereza kwamba memori haitoshi. Kusoma najua. Nikayafunga upesi.

"Umeme mdogo," nikasema.

Mzee Enosi, nguzo ya sauti ya nne, akainuka. "Mwalimu, kwa mwanangu, kule Kawetele, kuna kile kisanduku cha kutuliza umeme. Naleta."

"Usihangaike, mzee."

"Nahangaika nini? Tunamlekodi mtoto wetu."

Akatoka kwa miguu. Hakufika mbali mvua ikashuka, mvua yetu ya Tukuyu isiyo na haraka ya kwisha. Karibu saa mbili nzima tulimngoja. Tusekile alimsaidia mke wangu kugawa chai huku akiimba chinichini. Muda wa kusema ukweli ulikuwepo wote, nami nikautumia kunywa chai.

Mzee Enosi alirudi akitiririka maji. Koti la sare alikuwa amelivua akafungia kile kisanduku, kisilowe. Tukachomeka. Kompyuta ikaganda vilevile, na wote wakanigeukia mimi.

"Umeme hauna tatizo," nikasema. "Tatizo ni mimi. Nilinunua kisichofaa kwa kuona haya kuuliza."

Mzee Enosi alikuwa bado amesimama mlangoni, maji yakidondoka sakafuni. "Ulijua hivyo wakati mimi natoka?"

"Nilijua."

Akatikisa kichwa polepole. "Ndaga, mwalimu."

Kwetu neno hilo ni asante. Ningefurahi angenitukana.

Tusekile aliondoka alfajiri. Wiki iliyofuata nilimfuata Fred mwenyewe, nikamwomba, tukaenda naye Mbeya. Ile ya kijivu niliyoikataa ilikuwa bado ipo, Hellen akakubali tubadilishane. Fred akanionyesha kwamba kwa maiki moja unarekodi sauti moja, kisha nyingine juu yake, mpaka zote nne zinatimia. Maiki moja ilitosha tangu mwanzo.

Sasa programu naijua vizuri. Kila sauti inakaa kwenye mstari wake. Nilipowaita wadada wengine waimbe ule wa sauti ya kwanza, mzee Enosi akanishika mkono.

"Hapo pake paache, mwalimu."

Nimepaacha. Wimbo wetu unaanza na sauti ya pili, na juu yake kuna mstari nilioandika jina la Tusekile, hauna kitu.