Wanaume wa Tanuri

Uvumi huo Aketch aliusikia bombani, mtaani kwao Kiganjo. Aliukataa, ukamfuata hadi kitandani: wanaume wanaoyeyusha betri kuukuu kiwandani hawapati watoto. Mimba hushika, kisha hutoka.

Mke wa mwanawe, Mourine, zilikuwa zimemtoka tatu. Baada ya ile ya tatu, mwaka juzi, Aketch mwenyewe alimfungia mizigo. "Rudi kwa mama yako, huko Kimbo. Tumbo lako halikai kitu." Dalmas, mwanawe, akaenda zamu yake ya tanurini.

Jumamosi akamburuta Dalmas kwa daktari mmoja wa Ruiru. Daktari akasoma karatasi mara mbili.

"Mama, damu yake imejaa risasi, ile ya ndani ya betri. Mbegu zake ni chache, na hizo chache zimeharibika kwa ndani. Msichana hakuwa na makosa."

Jumatatu alfajiri Aketch alikuwa langoni mwa kiwanda, Thika, akimsubiri Philip, fomani, msimamizi wa tanuri. Ndiye aliyemwingiza Dalmas kazini mwaka wa tisini na moja. Ndiye pia mzee wa kanisa lao.

"Mama Dalmas! Umeamkaje?"

"Philip, ulijua huo moshi wa tanuri unafanya nini?"

"Si tunawapa maziwa? Pakiti moja kila zamu. Maziwa inaosha kifua."

"Na kule chini, inaosha?"

Walinzi wakaangua kicheko. Philip hakucheka.

"Wewe ndiye ulikuja kwangu na kuku wawili kumwombea kazi, mama. Ulinipigia magoti."

"Na Omondi, mtoto wako? Mbona ulimtoa tanurini akiwa amebakisha mwezi mmoja aoe?"

Philip akatazama kando. "Watu wa kupima damu walikuja. Nikaona makaratasi ya majibu." Akashusha sauti. "Kijana ni wangu. Ungekuwa wewe ungefanya aje?"

Akaingia. Lango likafungwa.

Nje vijana wanne walikuwa wakingoja kuandikwa kazi, mama zao kando yao. Aketch akawaendea, akawahesabia kwa vidole:

Usimpeleke tanurini kijana ambaye hajazaa.

Usikubali maziwa mahali pa kifuniko cha pua.

Asile kabla ya kunawa.

Nguo za kazi zisilale nyumbani.

Akitolewa damu, asiondoke bila karatasi yake.

Usimfukuze msichana wa watu kabla kijana wako hajapimwa. Mimi jana nilimfuata wangu Kimbo. Nilimkuta ananyonyesha, mwanamume mwingine akinikaribisha kiti.