Saa Ishirini na Moja Kutoka Toronto

Soweto West yote, pale Kibera, ilijua Austine Oyoo yuko Kanada. Walimfanyia harambee ya tikiti, kanisa likamwombea, watu wakalia. Kumbe ajenti wa safari alitoroka na kila kitu, na Austine kwa aibu akahamia Kawangware, chumba cha mabati nyuma ya kinyozi, mwendo wa saa moja hivi kwa miguu kutoka kwa baba yake. Miaka mitatu! Mtu mzima anajificha mahali ambapo hata kuku angefika.

Saa nne asubuhi dada yake, Aluoch, akampigia WhatsApp. "Austo, mzee amezidiwa. Hali wala hanywi, anakutaja wewe tu. Njoo, aki."

Roho ilimuuma, tusimsingizie. Alimpenda baba yake. Akavaa viatu, akashika mlango. Kisha akajiuliza: mtu wa Toronto atafikaje Kibera saa tano? Kwa ungo?

Basi badala ya kutoka, akaketi kitandani akaingia Google. Toronto hadi Nairobi, kilomita elfu kumi na mbili na ushei. Akajumlisha saa kumi na tano za angani, nne za kungoja ndege ya pili, mbili za foleni ya pasipoti na mizigo. Hizo mbili alijiongezea mwenyewe, eti mambo yaonekane ya kweli. Bwana ambaye hajawahi kupanda hata lifti!

"Naenda eapoti," akamwandikia Aluoch, halafu akazima simu, kwa kuwa kwenye ndege simu huzimwa.

Mchana akaenda sokoni kununua koti zito la mitumba. Khaemba, yule kinyozi, alikuwa anajua siri yake. Akamkemea: "Wewe, enda umwone mzee! Uongo utapanga ukishafika."

"Siwezi. Saa hii niko juu ya bahari," Austine akajibu, na wala hakuwa anatania.

Kesho yake saa mbili asubuhi akaingia Soweto West akivuta sanduku, jasho likimchuruzika ndani ya koti. Nje ya nyumba kulikuwa na turubai na akina mama wakiimba. Aluoch akamzuia mlangoni.

"Mzee alituacha jana saa kumi jioni."

"Ndege ilichelewa, Aluoch, pale tulipobadilisha..."

"Nyamaza. Baba alijua. Kathini wa mboga alikuona Kawangware kitambo, akamwambia. Baba akatukataza sote, hadi wazee wa mtaa, tusikuaibishe. Jana akasema, mwambieni aache mambo ya ndege, aje tu vile alivyo. Nimekupigia mara kumi na saba, Austo."

Austine akaliachia sanduku. Wazee waliokuwa chini ya turubai wakasogea, wakampa nafasi kwenye benchi. Mmoja wao akamshika mkono na kumuuliza, kwa upole kabisa, kama huko Kanada bado kuna baridi.