Mto Unaojiandaa kwa Mgeni

Saa nne asubuhi Dorotea alikuwa anachuja pombe kilabuni kwake, benchi zimejaa na umbea umekolea, maji yalipoingia mtoni. Hakuna aliyenyanyuka. Walijua setilaiti inapita.

Ilianza kiangazi cha tisini na sita. Wenye shamba la mpunga kule juu walifunga maji kwa tuta, Mto Katuma ukabaki mchanga na tope la viboko. Lakini kila setilaiti ilipopita, mto ulijiandaa. Ulijaa ukingo kwa ukingo, ukatulia upigwe picha, kisha ukaondoka. Ukichota, ndoo nayo inakauka. Kijiji hakikuulaumu. Wao wenyewe, mkubwa akija kutembelea zahanati, huazima vitanda kijiji cha pili.

Masunga, mume wa Dorotea, ng'ombe wake walikuwa wanakufa kwa kiu. Alisema maji yakishaingia tumboni mwa ng'ombe hayana pa kutorokea. Basi akawaswaga mtoni, naye akaingia nao hadi kifuani, akipiga mluzi. Setilaiti ikapita. Maji yakaondoka nao wote.

Tangu hapo wanarudi na maji. Leo pia Masunga alikuwa katikati ya mto, fimbo begani. Dorotea akateremka ukingoni na mwiko mrefu wa kukorogea pombe.

"Mama Lyamba, hamjambo huko?"

"Hatujambo, Baba Lyamba. Mtoto ameota jino. Jongea."

Akajongea. Vidole vyake viligusa mwiko, mto ukaondoka.

"Mumeo siku hizi anaoga, shoga," alisema jirani yake, Pudensiana.

"Kuliko alipokuwa nyumbani kwangu," alijibu Dorotea.

Kilabu kizima kikacheka, naye akacheka, halafu akakaa chini. "Zimebaki hatua chache tu. Wakifungua tuta, maji yakae hata mpaka mchana, namtoa nimzike."

Malalamiko alishayapeleka mjini. Jibu lililetwa wiki hiyo na Bwana Enoka, mtaalamu wa maji, aliyesogeza vikombe pembeni na kutandaza picha kwenye benchi. Setilaiti haioni kina, alieleza. Inaona upana wa mto, na kutokana na upana wanakadiria maji yanayopita.

"Huku kwenu ni mengi, mama. Tuta halijawadhuru."

"Mchanga huo hapo, baba. Umeuvuka kwa miguu."

Enoka alitazama viatu vyake, vyeupe kwa vumbi. "Nimeuvuka," alikubali. "Lakini mimi ni mtu mmoja. Hii imepigwa kutoka juu."

Dorotea akainama. Katika picha ile hata nyumba nzima haikuonekana kwa udogo, lakini Masunga alionekana vizuri, mpaka fimbo.

"Huyu ni mume wangu. Alikufa humo."

"Pole sana. Hata ofisini tulimwona," alisema Enoka. "Mfugaji ananywesha, na ng'ombe wamenenepa. Ndiye aliyetuondolea wasiwasi."

Dorotea akamjazia kikombe, maana mgeni ni mgeni. Alikunywa, akakunja picha, akavuka mchanga kurudi alikotoka. Tuta likabaki.

Setilaiti ilipopita tena, Dorotea alisimama ukingoni bila mwiko.

"Baba Lyamba, waondoe ng'ombe hapo. Huko ofisini wanakuona umeshiba."

Masunga alitazama nchi kavu nyuma ya mkewe, kulia, kushoto.

"Niwapeleke wapi, Mama Lyamba? Huko kwenu hakuna maji."

Mto ukaondoka. Dorotea akarudi kuchuja pombe, wateja walikuwa wanasubiri.