Gari la Baba Halitapishi

...na hilo nalo lilikuwa tuta, nimeliona kwa macho yangu, nene, mistari yake myeupe imefifia, nikashika mpini wa mlango nikakaza tumbo kama ninavyokaza siku zote tukifika hapa, na wala, hakuna kitu, gari limepanda likashuka polepole kama mtu anayejigeuza kitandani, na mdogo wangu hapa pembeni hata kichwa hakugeuza, anachora kwa kidole kwenye kioo, mashavu yake yana rangi yake, rangi ya kila siku, na mimi nimekaa na mfuko wa plastiki mapajani, nimeufungua mdomo, nimeutega kama mtego wa panya, tapika basi, mdogo wangu, kidogo tu, hata mate... Mungu wangu, nimesema nini, sijasema, nimewaza, lakini nimewaza.

Baba anaongea. Anaongea tangu alipotuchukua kando ya barabara, gari la mama limechemsha likagoma, boneti juu, mvuke, mama kasimama na dumu la maji hataki kumtazama, "Watoto hao, wachukue, mimi namsubiri fundi," wala hakusema na baba, alisema na boneti, halafu akazunguka hadi dirishani kwangu akainama, "Mwangalie mdogo wako, akianza tu nipigie hapohapo," akianza, hakumalizia, ya nini kumalizia, hoja hiyo nimeitengeneza mimi... "Hizi si springi zile mlizozoea, wakili," baba ananitazama kwenye kioo, wakili ni mimi, tangu nishinde mdahalo wa vyuo jina langu limesahaulika nyumbani, "hizi ni za hewa, barabara ikiharibika zenyewe zinalainika, unaelea tu, si unasikia unavyoelea?" Nasikia, mzee, mgongo wangu si wa mawe, siti imenikumbatia mpaka naona aibu, kiuno kimelegea, mabega yameshuka bila kuniomba ruhusa, nimepanda humu nimekunja uso, nimeapa sitafurahia chochote, na mwili wangu huu msaliti dakika ya kwanza tu umeshajilaza, unasema ahaa. Na lile la mama nani aliliacha? Si wewe? Mama hakulinunua, lilikuwa lako, fahari yako, siti saba, ulilipiga nta kila Jumapili, ukalichosha, ukaliua shokapu zote nne, halafu ulipohama ukasema gari kubwa nawaachia, mna mtoto mdogo, na ukoo mzima ukakusifu, mwanamume huyu ana utu, hakuwatupa watoto kwa miguu... Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa siti ya nyuma kabisa. Safu ya kati imevunjika kufuli, inajikunja yenyewe gari likifunga breki, kwa hiyo mtoto anakaa nyuma, juu ya ekseli, dirisha halifunguki, harufu ya mafuta inapanda kutoka sakafuni, na shimo moja linadunda mara tatu, mara ya kwanza ni shimo lenyewe, mara ya pili ni springi, mara ya tatu ni moyo wa mama mbele kwenye usukani akisubiri kusikia kipi kimekatika leo, na kwenye kona linalala kama mlevi anayetafuta ukuta. Mimi mwenyewe mtu mzima hushuka pale nikiwa nimeona nyota. Nilijua. Si ndiyo, nilijua, kila Jumamosi tukimleta kwako nilijua, na bado...

"Baba, lingine! Lingine!" anapiga makofi, ameona tuta jingine mbele. "Unalitaka?" "Nalitaka!" "Shika roho, binti yangu," na tunalipanda, na anacheka, kicheko cha tumboni, tumbo lilelile ambalo mimi nimelijengea kesi.

Jumatatu. Afisa wa ustawi wa jamii, yule mama wa miwani ya kamba, atatuketisha wote aamue mtoto akae kwa nani, na mama amesema mimi ndiye nitakayesema, mama akianza analia na baba akianza anapendeza, basi mimi. Na nilikuwa na hoja tamu kuliko zote nilizowahi kupanda nazo jukwaani. Mheshimiwa, mtoto huyu kila akipelekwa kwa baba yake anatapika njiani. Watasema ni gari, watoto wengi gari huwachafua roho. Lakini mheshimiwa, anarudi nyumbani kwa gari vilevile, barabara ileile, mashimo yaleyale, na hatapiki, anafika anaimba. Mtoto yuleyule, njia ileile, kilichobadilika ni nini isipokuwa anakokwenda? Hapo nikae. Nilimjaribishia mwenzangu wa chumbani akaacha kupaka kucha rangi, akasema "Duh, hapo umemzika," na mama nilipomwambia alinishika uso kwa mikono yote miwili, akasema mwanangu, mdomo huu hukuupata bure... Anakokwenda! Anapelekwa na mama, kwa gari la mama. Anarudishwa na baba, kwa gari la baba. Kilichobadilika ni nini? Gari, punguani wewe, gari! Angefanya hivyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza pale klabu yetu ya mdahalo tungemcheka muhula mzima, tungempa jina, na mimi ningekuwa wa kwanza kumpa.

Subiri. Tulia, jibu hoja. Siku moja si ushahidi, leo huenda ametulia kwa sababu mimi nipo... nipo kila Jumamosi. Huenda hana kitu tumboni... amekula, mama alimjazia sahani, mayai, maziwa vikombe viwili, kula mwanangu usiende kwa watu na njaa, kila Jumamosi vikombe viwili, na siku za shule kimoja, na hicho nacho hakimalizi... hapana, hapo sifiki, huo mlango siufungui, mama yangu ni mama yangu. Na huyu mbele yangu asijidhani ametakasika kwa sababu ana mifuko ya hewa chini ya makalio. Muulize baba mtoto yuko darasa la ngapi, atasema tatu, yuko la pili. Muulize mwalimu wake ni mwanamume au mwanamke. Alipolazwa kwa homa tulimpigia akasema niko kikaoni, kikao kikaisha siku ya pili jioni, akaja na mdoli mkubwa kuliko mgonjwa. Wikiendi nzima mtoto anashinda na msichana wa kazi mbele ya televisheni, yeye anaingia mtoto akiwa amelala, anambusu paji la uso, asubuhi anasema tulikuwa wote. Hizo ndizo hoja zangu za kweli, ninazo, lakini ni nyembamba, hazina harufu, hazimwagiki kwenye zulia la mtu, afisa atazisikiliza huku anatafuta kalamu, baba wangapi hawajui darasa la mtoto, atasema, huyu anamleta kwa wakati, anamlisha, ana nafasi, ana gari zuri. Ana gari zuri! Mtu anakuacha na kopo, kopo linamtapisha mtoto wako, halafu ulaini wa siti yake unakuwa tabia njema, na mdundo wa siti yako unakuwa kasoro yako ya malezi, na mimi nifanyeje nisiumwe na roho, niambieni, nifanyeje.

Simu inatetemeka mfukoni. Mama. "Ameanza?" Neno moja. Natazama mashavu yale. Sijajibu, na nyingine inaingia juu yake: "Akianza piga picha." Picha. Yuko kule juani na boneti juu, dumu mkononi, gari limemfia, na anachowaza ni picha ya matapishi ya mwanawe, na si kwamba hampendi, ndiyo balaa lenyewe, anampenda mpaka amefika hapa, na nani alimfikisha, si mimi niliyemwambia mama hii ni silaha, hii usiipoteze?

"...mama mdogo wenu aliogopa nikinunua hili, eti kubwa mno, nikamwambia ngoja siku nitakapopakia watoto wangu wote," baba anaendelea, mama mdogo ndiye mke wake mpya, mkono mmoja kwenye usukani, anapiga piga vidole, ana furaha, furaha ya kweli, nikimtazama shingo yake kwa nyuma ni shingo ya baba aliyekuwa akinibeba, na hilo nalo nalichukia, kwa nini shingo isibadilike mtu akibadilika...

"Dada." Amenisogelea, ameegemea bega langu, ananong'ona. "Nini, mdogo wangu." "Haiji." "Nini haiji?" "Kutapika. Leo haiji." Anasema kama anayeomba radhi, kama mtu aliyetumwa dukani akakuta pamefungwa. "Si vizuri?" "Mama atakasirika?" Nimesikia vibaya. Sijasikia vibaya. "Nani amekwambia mama atakasirika?" "Hakuna." Anashika ukingo wa mfuko mapajani kwangu, anauchungulia, mtupu. "Ila nikitapika wewe na mama hamgombani. Mama ananishika mgongo, na wewe unampigia mtu unamwambia ametapika tena, unafurahi." Unafurahi. Anasema bila ubaya wowote, kama anayenikumbusha nguo niliyovaa. Halafu ananiangalia juu, macho makubwa, ya kusaidia, macho ya mtu mwema, "Nikiingiza kidole inaweza kuja. Nilijaribu shuleni ikaja. Niingize?"

Nimekamata mkono wake. Sijui nimeukamata saa ngapi, nimeubana mpaka anasema dada unaniumiza, nalegeza, siuachii, vidole vidogo vina unyevu wa kioo, nasema, "Usiingize kitu. Kaa hivyohivyo." "Kwa hiyo hatakasirika?" "Akikasirika, atanikasirikia mimi." Anafikiri. Anakubali. Anarudi kwenye kioo chake, rahisi hivyo, ameshusha mzigo amenipa.

"Kuna nini huko, mnateta nini?" baba kwenye kioo. "Hakuna." "Wakili hakosi la kuteta!" anacheka peke yake. Cheka. Jumatatu utacheka zaidi, maana nitasimama mbele ya yule mama wa miwani na nitamwambia mheshimiwa, mtoto hutapika kwa sababu ya gari, nitamwambia kwa mdomo huuhuu ambao haukupatikana bure, na utageuka unitazame kana kwamba tumekuwa upande mmoja, utataka kunipa mkono, na hujui kwamba hukushinda wewe, zimeshinda springi zako. Kisha nitayasema yale membamba yote, darasa la pili, homa, televisheni, moja baada ya jingine, hata kama anatafuta kalamu, nitamngoja aipate. Na nitasema mmoja kati yenu, wewe au mama, atengeneze shokapu za lile gari, sijali nani. Na hilo la kidole... hilo nitalisema? Nikilisema namzamisha mama, na mimi nazama naye. Nisipolisema, Jumamosi ijayo mama yupo nyuma ya usukani, vikombe viwili, siti ya nyuma kabisa, na mtoto anajua kinachotufurahisha.

Nitalisema.

Lakini asilisikie kwa mara ya kwanza mle ofisini mbele ya watu, mama yangu, hilo hapana. Nakunja mfuko nauweka chini, nashika simu. Naandika, Hajatapika. Nafuta, linaonekana kama bado tunasubiri. Naandika, Hatapiki, mama, na hatutamtaka atapike tena, nitakupigia tukifika tuzungumze, natuma. Nje maduka yanapita bila kelele, barabara ni ile mbaya ya kabla ya mzunguko, naijua kila shimo lake, humu ndani hakuna linalofika. Mdogo wangu anaimba kitu hakina maneno. Mama ameuona ujumbe. Mama anaandika... ameacha. Anaandika... anaandika... ameacha.