Mahali pa Kumlaza Uri

Ijumaa ile Eliapenda aliamka kama siku zote, akawasha moto, akabandika uji wa mgonjwa, akaukoroga mpaka ukaiva. Alipolichukua bakuli ndipo akakumbuka kwamba mgonjwa hayupo. Akasimama nalo mkononi. Hakusikia uchungu, hakusikia kitu. Mwisho akakaa, akaunywa ule uji mwenyewe wote, maana kumwaga chakula hajazoea.

Mzee Uri alikuwa amekata roho Jumatano jioni. Sasa alikuwa sebuleni, ndani ya jeneza la mninga lenye kioo, amevalishwa suti ya kijivu na tai. Shughuli hiyo aliisimamia Judith, jirani wa ng'ambo ya barabara, kiongozi wa akina mama wa usharika, mtu asiyengoja kuombwa.

"Mwenzangu, wewe kaa," alimwambia Eliapenda. "Leo si siku yako ya kushika mwiko."

Akakaa.

Huyu Uri alikuwa Myahudi wa Israeli. Alikuja zamani kuwafundisha watu wa Baray, kule bondeni, kumwagilia vitunguu kwa mipira yenye matundu. Mradi ulipokwisha wenzake walifungasha wakarudi kwao. Yeye akapanda Karatu, akawa anakula mchana kwenye mgahawa alikokuwa akipika Eliapenda, Mchaga wa Machame aliyefuata biashara ya watalii. Akala, akala, mpaka ikawa haondoki. Kanisani hawakufunga ndoa, kwa sababu Uri alikuwa hataki kusikia habari za Mungu, awe wa kwao au wa kwa Eliapenda. Watu walisema weee, wakachoka.

Shamba walilokaa, kule juu ambako ukungu wa msitu wa Ngorongoro hushuka asubuhi, lilikuwa la Eliapenda, maana mgeni hapewi ardhi. Mwezi wa nne, Uri akiwa bado anajikokota kwa fimbo, alimpeleka mpaka chini ya miparachichi, akaichomeka ile fimbo udongoni.

"Unilaze hapa, Eli. Usikubali nipelekwe mbali."

Eliapenda akasema ndiyo. Basi katika kazi zote alizomfanyia mtu yule, ilikuwa imebaki hiyo moja.

Uri alikuwa na watoto wawili, wa mke wa kwanza aliyeachana naye huko huko kwao. Noga, binti, alikuwa na nywele fupi na sigara isiyozima, na Kiswahili cha sokoni alichookota kila alipokuja kumtazama baba yake. Safari hii alikuwepo tangu wiki iliyopita. Gershon, kaka yake, alishika dini akiwa kijana, akaacha kula mezani kwa baba kwa sababu chakula cha pale hakikuwa safi kwa sheria yao. Karatu hakuwahi kukanyaga. Yeye na dada yake walikuwa hawasemeshani miaka mingi. Wakitaka kupashana habari, walimpitishia baba.

Gershon alifika saa nne, kwa teksi kutoka uwanja wa ndege. Lesiamon, mlinzi, Mmasai wa Nainokanoka, alimfungulia geti. Akashuka mtu wa ndevu, kofia pana nyeusi, koti jeusi refu, nyuzi nyeupe za dini yake zikining'inia kiunoni. Judith alimpa mkono wa pole. Gershon, ambaye kwa sheria yao hamgusi mwanamke wa nje, aliweka wake kifuani, akainama tu.

"Kwani nina ukoma?" Judith aliuliza.

Mgeni akaingia ndani. Alimtazama baba yake kupitia kioo kwa muda mrefu. Kisha akaishika kola ya shati lake kwa mikono miwili, akaipasua mpaka kifuani. Sauti ya kitambaa ikasikika hadi jikoni. Wanawake waliokuwa wanachambua mchele wakainua vichwa.

Judith ni mtu wa huruma. Alitoka, akarudi na sindano na uzi mweusi, akamwendea. "Vua, baba, nikushonee. Usikae mbele za watu hivyo."

Noga alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kilimtoka kama kikohozi. "Mama Judith, acha. Ni desturi. Kwetu ukifiwa na mzazi unachana nguo."

"Na wewe mbona yako nzima?"

Noga akalitazama shati lake. "Mimi si mtu wa desturi."

"Haya. Mmoja kachana, mmoja hakuchana. Sisi tushike lipi?"

Kaka na dada walikuwa wameshaanza kugombana. Gershon alisema kwa lugha yao, Noga akamjibu kwa Kiingereza makusudi ili wenye nyumba wasikie, na Gershon naye akahamia huko huko. Kiingereza cha hotelini Eliapenda alikuwa nacho. Aliyasikia yote pale alipokaa, kando ya jeneza, kama mtu anayesikia redio ya nyumba ya pili.

"Nani amemvalisha suti? Mtu wetu anaoshwa, anavikwa sanda nyeupe, tajiri na maskini sawa. Nimekuja kumchukua. Jumapili kuna ndege."

"Kumpeleka wapi? Kwenye makaburi ya hao wenzako waliolirushia mawe gari lake kwa kuliendesha siku ya Sabato?"

"Kwenye ardhi ya baba zake."

"Baba alisema achomwe. Arusha Wahindi wana mahali pao, nimeshawauliza."

Gershon alivua kofia, akabaki na kile kikofia kidogo cha ndani, akajifuta uso. "Kuchoma! Baada ya yaliyompata bibi yetu na ndugu zake kwenye matanuri ya vita kuu, wewe unataka kumchoma Myahudi kwa mkono wako?"

"Usimtaje bibi! Sisi tulipokuwa mpakani na bunduki, ninyi mlikuwa mnatikisa vichwa juu ya vitabu vya dini. Nakatwa kodi nikulishe, halafu chakula changu kwako ni najisi."

"Maombi yetu ndiyo yaliyowalinda."

"Yalimlinda nani, Gershon? Nitajie mmoja."

Lesiamon alikuwa ameegemea mlangoni. Judith alimtafsiria kidogo. "Sisi zamani," Lesiamon akasema taratibu, "mtu tulikuwa tunamlaza porini, fisi anamaliza kesi. Hakuna ndege, hakuna moto."

"Toka hapa, Lesiamon!" Lakini Judith mwenyewe alikuwa ameziba mdomo kwa khanga.

Jambo lenyewe lilikuwa na haraka. Jua likizama, Gershon alisema, Sabato imeingia: hatazika, hatapanda gari, mpaka kesho yake jioni. Kwa hiyo ama mzee angekuwa kaburini kabla ya magharibi, ama angerudi kwenye jokofu la maiti angoje Jumapili, na Jumapili ni ndege au ni Arusha. Eliapenda alitazama dirishani. Jua lilikuwa limeshapita utosi.

"Aliniambia hapa," alisema.

Wote wawili wakageuka. Ni kama walikuwa wamesahau kwamba kile kiti kina mtu.

"Lini?" Noga aliuliza kwa Kiswahili.

"Mwezi wa nne. Pale kwenye miparachichi."

"Mimi aliniambia achomwe. Nyumbani kwangu, tukinywa bia."

Gershon, alipotafsiriwa na dada yake, alisema polepole, "Mimi aliniambia kwenye simu, wakati wa sikukuu. Nilimwomba akubali azikwe kwa sheria yetu. Akasema, sawa mwanangu, kama itakufurahisha."

"Mwongo," alisema Noga, lakini kwa sauti ndogo. Alimjua baba yake.

Kila mtu alikuwa amepewa lake. Eliapenda alilielewa hilo bila kushtuka, kama mtu anayeona maji yamefika mlangoni. Uri alikuwa hapendi kugombana. Mwenye bia alipewa moto, mwenye kitabu akapewa kitabu. Na mwenye shamba je? Hata ile fimbo udongoni huenda ilikuwa ya kumfurahisha yeye. Alingoja wazo hilo limuume. Halikumuuma. Akainuka, akaenda mlangoni.

"Lesiamon, waite vijana. Wachimbe."

"Bado hawajaelewana, mama."

"Chimbeni tu. Shimo si kosa. Hata likibaki wazi."

Basi sauti ya majembe ikaanza kusikika. Gershon alitoka akasimama shambani na simu sikioni, akiongea na mwalimu wake wa dini huko kwao, akitembea kwenda na kurudi kati ya migomba. Alitafuna parachichi alilolimenya kwa kisu alichotoka nacho kwao. Judith aliliona hilo kutoka jikoni, mwiko mkononi, sufuria la wali na nyama likiwa tayari. "Anakula kama mtu aliyekuja kuwekewa sumu," alisema.

Gershon aliporudi, alimwendea Eliapenda moja kwa moja. Asubuhi yote alikuwa akimwita madam, kama watalii wanavyoitwa.

"Hapa kuna kaburi lingine? Kuna msalaba?"

"Hakuna."

"Mwalimu wangu amesema si vyema maiti angoje siku zote hizo. Mtu akilala katika ardhi iliyo yake, inakubalika. Lakini iwe yake. Hii ardhi ni ya nani?"

"Yangu."

"Si ya baba."

"Sheria ya hapa haimpi mgeni."

"Basi haiwezekani."

Noga alitupa sigara chini. "Ameishi naye miaka ishirini na kitu! Amemlisha, amemnyoa, amemfuta mavi miezi yote hii, na wewe unauliza hati?"

"Nauliza ili nipate njia," Gershon alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilichoka. "Hujui kuona mtu anapotafuta njia?"

Eliapenda alisema, "Hapo wanapochimba nimempa. Ni pake. Hata nikiuza shamba, hapo siuzi."

"Sema mbele ya mashahidi."

Akawaita Lesiamon na mmoja wa wachimbaji, akayarudia maneno yale yale. Lesiamon akaitikia kwa Kimasai, akatema mate kidogo kifuani kumbariki. Gershon aliwaeleza mashahidi kwa Kiingereza, Noga akitafsiri: "Kaka yangu anasema, mke wa baba yetu amempa baba yetu mahali pa kulala." Maneno hayo, mke wa baba yetu, Eliapenda aliyangojea zamani sana. Sasa yalipita tu, akawa anawaza kama sanda nyeupe ipo au atumie shuka jipya.

"Na moto?" Gershon alimwuliza dada yake.

Noga alitazama shimo. Lilikuwa limefika kifuani mwa mchimbaji. "Shimo limeshachimbwa," alisema.

Likabaki suala la kuosha. Kwa desturi yao mwanamume huoshwa na wanaume wa kwao, na mtoto wa kiume hamwoshi baba yake mzazi. Wanaume wa kwao Karatu nzima hawakuwepo. Gershon alikaa kwenye ngazi, kichwa mikononi. Halafu akasema, bila kumtazama mtu, kwamba katika vitabu vya kale imeandikwa mwanamke aweza kumhudumia maiti mwanamume. Siku hizi hawafanyi. Lakini imeandikwa.

"Nilimwosha kila siku," alisema Eliapenda. "Leo ndiyo nishindwe?"

Wakamvua suti, yeye na Noga, wakaikunja ile tai. Gershon alisimama nje ya mlango, mgongo kwao, akiwaelekeza: kichwa kwanza, kisha upande wa kulia, msimgeuze kifudifudi, msipitishe kitu juu yake. Noga alikuwa akitii, meno yameumana. Eliapenda aliona mikono yake mwenyewe inajua njia. Ngozi ilikuwa ya baridi kama ya jokofu. Kovu la goti lilikuwa pale pale. Walimfunga kwenye shuka jeupe, na Vedasto, fundi aliyelichonga jeneza, akalichukua akinung'unika kwamba toka aanze kazi hajarudishiwa mali. Mzee alishushwa bila sanduku.

Jua lilikuwa linainama juu ya kingo za Ngorongoro. Gershon alisoma Zaburi kwa lugha yao. Dua kubwa ya mtoto kwa baba, alisema, hawezi kuisoma, hawajatimia watu kumi.

"Tumejaa hapa," alisema Judith.

"Kumi wa kwetu. Wanaume."

"Ndiyo, wanaume," alisema Noga. Halafu, bila kuomba ruhusa, akaanza kuimba wimbo wa kulima aliokuwa akiimba baba yake shambani. Sauti yake ilikwaruza. Judith, aliyekuwa amekatazwa kuleta kwaya, akaufuata kwa kuguna, na wanawake wote nyuma yake. Sheria ya Gershon haimruhusu kusikiliza wanawake wakiimba. Aligeuka akawapa mgongo, akainamisha kofia. Eliapenda alidhani ataondoka. Alibaki pale pale, visigino ukingoni mwa kaburi, mpaka wimbo ulipokwisha. Ndipo akachukua koleo, akafukia pamoja na vijana.

Watu walikula wakatawanyika. Hoteli ya Gershon ilikuwa mjini, na gari sasa lilikuwa haramu kwake, kwa hiyo akabaki kwa Eliapenda. Sebuleni giza liliingia. Noga alikwenda kwenye swichi, akaweka kidole. Kaka yake hakuruhusiwa kuwasha taa siku ya Sabato. Alikuwa ameketi sakafuni, kwenye mkeka, kama wafiwa wa kwao. Noga akashusha mkono, akatoka nje.

Eliapenda alikuwa barazani, miguu imenyooka mbele. Noga akakaa karibu naye.

"Mama Eli, unalia?"

"Hapana."

"Mimi pia bado." Akachezea kiberiti bila kukiwasha. "Unadhani alimaanisha kweli? Alipokwambia hapa?"

Eliapenda alifikiri. Alijaribu kuikumbuka sauti ya Uri siku ile, akaikosa.

"Sijui," alisema. "Sikumwuliza. Mimi nilimwambia ndiyo."