Inchi Nne za Kukulia

Nianze na hasira yangu, maana wote Kasulu wanaijua, hakuna haja ya kuificha. Mimi Mwanahawa, Mama Khatibu, fundi cherehani wa sokoni, nikikasirika sioni na sisikii. Marehemu baba yangu, aliyekuja huku kutoka Pangani na cherehani moja kichwani, alikuwa akiniambia hasira hasara. Nikamjibu hasara ni ya wanaonikasirisha. Basi nimelipata jibu langu.

Mwezi wa sita, shule zilipokaribia kufungwa, Mwalimu Ndihokubwayo wa sekondari alipita kwenye maduka ya mafundi akituomba tuwapokee wanafunzi wa kidato cha tatu kwa wiki nne za likizo. Wafanye kazi, wajifunze, na tuwalipe. Hapo kwenye kulipa ndipo wengi waliposhtuka. Lukmani, fundi mwenzangu anayeshona kwenye kibaraza kinachotazamana na changu, alisema yeye hamlipi mtu anayekuja kumharibia kitambaa. Mimi kwa kiburi tu, ili Lukmani asikie, nikasema, "Mwalimu, niletee mmoja. Na nitamlipa kila Jumamosi." Mwalimu akaniachia fomu ya kujaza mwisho wa likizo, niandike mwanafunzi anafaa au hafai. Akasema fundi yeyote atakayempokea mtoto huyo likizo ya Desemba ataitazama fomu ile kwanza.

Akaja Winifrida. Mrefu, mkimya, wa kutoka Heru Juu, anafika asubuhi kwa miguu na viatu mkononi ili visichakae. "Mwakeye, Mama Khatibu," anasalimia huku amepiga magoti pale pale kwenye vumbi. Nikamwambia, mwanangu, simama, magoti hayashoni nguo. Lakini alikuwa na mkono! Siku ya pili alinyoosha mshono kuliko mimi nilivyonyoosha mwaka wangu wa kwanza. Kumbe kwao kuna cherehani kuukuu la mama yake, amelichezea tangu utoto. Nilimfokea kila siku kama ninavyomfokea kila mtu, naye anasema "ndiyo, Mama," anarudi kwenye kazi. Sikumsifu hata mara moja. Kwetu fundi hasifiwi, anapewa kazi ngumu zaidi.

Na kazi ngumu ilikuwapo. Wazazi wa Heru Juu walichanga wakanunua kitambaa cha bluu, wakaniletea niwashonee sketi za marinda wasichana ishirini na wanne wa darasa la pili. Mwenyekiti wao, Ildefonsi, mzee mfupi mwenye koti la mvua kiangazi na masika, aliniambia waziwazi, "Mama Khatibu, hizi ni za kukupima. Zikitupendeza, Januari tunakupa shule nzima." Shule nzima! Miaka kumi na moja nashona vipande vipande kwenye kibaraza kile, leo shati, kesho kiraka. Shule nzima ingenipa mlango wangu mwenyewe, wenye kufuli, mvua ikinyesha nisikimbie na nguo za watu mikononi. Nilikuwa nikilala naota huo mlango.

Sasa, asiyekulia huku aelewe jambo moja. Sketi ya shule haishonwi kwa kipimo cha mtoto. Inashonwa ya kukulia. Unampima mtoto, halafu unaongeza inchi nne chini na mbili kiunoni, anaifunga kwa kamba, inamfika kwenye ugoko, mpaka atakapofika darasa la tano. Mzazi haulizi kama imemkaa, anauliza itamfikisha wapi. Nilimwambia Winifrida, "Inchi nne, usisahau." Akasema, "Sisahau, Mama."

Tulikuwa tumekwisha kupima watoto wote na kukata nusu ya kitambaa, ndipo simu ikaja kwamba shangazi yangu amefariki Kibondo. Nikaondoka. Msiba ukanishika siku sita. Nimwachie nani kazi? Nikamwachia yeye. Niliporudi Jumatano jioni, nimechoka hata kuvua viatu sitaki, nikakuta sketi zote ishirini na nne zimepigwa pasi, zimekunjwa, zimefungwa nne nne kwa uzi. Nikanyanyua moja, nzito kidogo kwenye pindo, nikadhani ni pasi na wanga. Marinda yamesimama sawasawa. Nikasema moyoni, huyu mtoto ni fundi. Moyoni, si mdomoni.

Alhamisi wakaja. Ildefonsi mbele, kina mama nyuma wamewashika watoto mikono, na soko limejaa. Mama wa kwanza akamvalisha mwanawe. Sketi ikamkaa. Ikamkaa kabisa, imeishia kwenye magoti kama ya mtoto wa tajiri. Mtoto akazunguka, marinda yakafunguka, akacheka. Mama yake hakucheka.

"Hii itamfikisha wapi?" akauliza. "Krismasi?"

Akavalishwa wa pili, wa tatu. Zote zimewakaa. Kelele zikaanza. Ildefonsi akanyamazisha watu kwa mkono, akanigeukia.

"Mama Khatibu, tulikuletea kitambaa cha kutosha inchi nne kwa kila mtoto. Tulipima wenyewe kabla hatujakuletea. Kitambaa chetu kiko wapi?"

Laa haula! Fundi ukiulizwa swali hilo sokoni, umekwisha. Kila mtu anajua mafundi na vipande vinavyobaki. Nikamwona Lukmani ng'ambo ameacha kushona, kanyoosha shingo. Nikahisi damu imenipanda mpaka machoni, na mlango wangu wenye kufuli ukaondoka zake.

Ningeweza kusema, ngojeni nitazame. Ningeweza kusema, kazi ni yangu, lawama ni yangu. Unajua nilisema nini? Nilimnyooshea kidole yule mtoto.

"Muulizeni huyu! Mimi nilikuwa msibani. Huyu ndiye aliyekata!"

Winifrida alikuwa amesimama kando ya cherehani, tepu shingoni. "Mama Khatibu, pindua sketi—"

"Nyamaza!"

"Mama, ndani kuna—"

"Nimesema nyamaza! Ebo! Nakupa kazi, nakulipa, na bado unaniibia? Kitambaa cha watu umekipeleka wapi? Kwa mama yako? Mwizi mkubwa we!"

Nikalisema neno hilo mara ya kwanza, likanipa nguvu ya kulisema mara ya pili na ya tatu. Mwizi, mwizi, mwizi. Soko zima likasikia, muuza dagaa akasimama juu ya kreti ili aone. Nikachukua fomu ya Mwalimu, nikaandika kwa kalamu niliyoikandamiza mpaka karatasi ikatoboka: HAFAI. MWIZI. Nikamtupia. "Peleka shuleni. Na malipo ya wiki hii usiyaulize, umekwisha kujilipa kwa kitambaa."

Hakulia. Aliivua tepu shingoni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya cherehani. Akaiokota fomu, akapiga magoti, "Kwaheri, Mama Khatibu," akaondoka. Hayo magoti yalinikera zaidi, nikadhani ananidhihaki. Kina mama wakavua watoto wao sketi, wakazitia kwenye gunia. Ildefonsi akasema shule inafunguliwa Jumatatu, nina mpaka Jumamosi kuwaletea kitambaa chao.

Jioni ile nikakaa na gunia. Kitambaa kipya ningekitoa wapi? Nikasema nifumue angalau moja, nione kama naweza kuunga kipande kwa chini. Nikaipindua.

Mtume!

Pindo lilikuwa na inchi nne. Zote nne, zimekunjwa kwa ndani, mara mbili, zimeshikwa kwa mkono kwa uzi mwepesi ambao mama yeyote anaweza kuukata kwa wembe. Kiunoni, inchi mbili zimefichwa kwenye mkunjo wa mpira. Nikapindua ya pili. Ya tatu. Nikazimwaga zote chini, nikawa napindua kama mwehu. Mtoto leo anavaa sketi inayomkaa. Akikua, mama anafumua mkunjo mmoja. Akikua tena, wa pili. Hakuna kipande hata cha ukucha kilichopotea. Miaka yangu yote kwenye cherehani, na baba yangu kabla yangu, hatukuwahi kufikiria hivyo. Na mimi, fundi, sikuipindua nguo. Kitu cha kwanza anachofundishwa mwanafunzi ni kupindua nguo atazame ndani, nami ndiye niliyemfundisha.

Nilijikasirikia usiku kucha. Hasira ya kumkasirikia mwingine ina raha yake, hii haikuwa na raha yoyote.

Ijumaa asubuhi na mapema nikapanda bodaboda mpaka Heru Juu. Nilimkuta Winifrida uani anamenya mihogo na mama yake, Immakulata. Mama yule alinipa kigoda, akanipa na maji, maana mgeni ni mgeni, lakini hakunitazama usoni. Nikatoa sketi, nikaipindua, nikasema nimeona. Nikasema nilikosea, mwanangu, hasira iliniziba macho.

"Kwa nini hukuniambia tangu Jumatano?" nikamuuliza, maana hata kwenye kuomba msamaha mdomo wangu hautulii.

"Ulichoka, Mama. Nikasema utaona mwenyewe ukipindua." Akaendelea kumenya. "Mimi yangu ilikuwa ya kukulia. Miaka mitatu nilikimbia nimeishika kwa mkono, wenzangu wakanicheka mstarini. Mwaka wa nne ndipo ikanikaa, na ilikuwa imekwisha kuchakaa. Sikuwahi kuvaa sketi inayonikaa ambayo ni mpya."

Nikatoa malipo yake ya wiki, nikamwekea mbele. Hakuyagusa.

"Mama Khatibu," akasema, taratibu, bila kunyanyua uso, "hapa kwetu hukuniita mwizi. Uliniita sokoni."

"Fomu nitaandika nyingine."

"Fomu ninayo, sijaipeleka. Lakini soko halisomi fomu."

Immakulata ndipo akanitazama usoni. "Umesikia," akasema, akaondoa kikombe cha maji.

Niliteremka kwa miguu, nikitukana mawe yote ya njiani. Nilimtukana na Winifrida pia, nisiseme uongo. Mtoto wa juzi ananiamrisha mimi? Nikazunguka na neno lake siku nzima. Lakini ningezunguka wapi? Alikuwa na haki, na haki ya mtu ikikukaba hata kumeza mate unashindwa.

Jumamosi soko lilijaa kuliko Alhamisi. Ildefonsi na kina mama wakaja. Winifrida akaja, akasimama mbali kidogo, karibu na ndoo za dagaa. Nikapanda juu ya stuli yangu ya kushonea. Nikashika sketi, nikaipindua, nikainyanyua.

"Sikilizeni!" Sauti hiyo mnaijua. "Alhamisi hapa hapa nilimwita Winifrida mwizi. Nilisema uongo! Kitambaa chenu hiki hapa, ndani ya pindo, chote. Mtoto huyu amewafanyia kazi ambayo mimi siiwezi. Mimi sikuitazama nguo. Nilitaka kuokoa jina langu, nikalitupa lake. Hakuna mwizi hapa isipokuwa mimi niliyemwibia jina!"

Muuza dagaa akapanda tena juu ya kreti yake. Kisha kina mama wakavamia gunia, wakaanza kupindua, na kelele nyingine zikaanza, za furaha. Yule mtoto wa kwanza akavaa sketi yake, akazunguka tena, na safari hii mama yake akacheka naye.

Nikashuka. Winifrida akanikaribia, akanipa fomu ile iliyotoboka. Nikafuta kwa mistari miwili, nikaandika chini yake: ANAFAA KULIKO MIMI. Nikatia sahihi. Nikampa na malipo yake. Alipokea kwa mikono miwili kama alivyolelewa, akasoma, akapiga magoti. "Asante, Mama Khatibu. Umesema vizuri."

"Basi Desemba," nikasema, na roho yangu ilishaanza kutulia, "cherehani lile la pembeni ni lako. Na nitakuongezea."

Alinitazama. Macho ya mtoto yasiyo na chuki hata kidogo. Afadhali yangekuwa nayo.

"Nimekusamehe, Mama. Lakini siwezi kushona huku nikisubiri siku utakaponiita neno lile tena."

Akavuka njia, akaenda mpaka kibaraza cha ng'ambo, akampa Lukmani fomu yangu kwa mikono miwili. Lukmani, yule yule asiyelipa wanafunzi, akaisoma mpaka mwisho, akanitazama mimi, akasogeza kiti. Ildefonsi alikuwa bado amesimama kwangu na sketi mkononi. Akaipindua mara moja zaidi, akapitisha kidole kwenye ule uzi mwepesi, akashukuru. Kisha naye akavuka.

Sasa ni Januari. Mvua inanyesha, nami nimekumbatia nguo za watu kifuani nikikimbilia chini ya bati la jirani. Ng'ambo pale Lukmani amepata chumba chenye mlango, na ndani mna marobota ya kitambaa cha bluu ya shule nzima ya Heru Juu. Watu wananiambia, Mama Khatibu, mwanafunzi wako kakuibia kazi. Nawafokea wafunge midomo yao. Neno hilo sitaki kulisikia tena kwenye kibaraza changu.