Amri ya Kapteni

Mtu mrefu ana taabu zake, na taabu ya mwisho ni jeneza. Binti wa Ngazi alikuwa amezunguka karakana zote za upande wa soko tangu asubuhi, na kila alikokwenda majeneza yalikuwa ya watu wa kawaida. Fundi mmoja, hana hata haya, alimwambia eti marehemu atakunjwa magoti kidogo tu, kwani nani ataona? Binti akatoka bila kuaga. Ndipo akafika karakana ya mwisho wa barabara, akamkuta mzee mmoja amesimama na randa mkononi, maranda yamemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Natafuta jeneza refu. Baba yangu alikuwa mrefu kuliko kawaida."

"Kawaida ipi? Mimi mwenyewe kila mlango nauinamia."

"Alikupita wewe."

Randa ikasimama. Katika mji mzima aliyempita fundi huyu kimo alikuwa mmoja tu, na walikuwa hawajasemezana tangu ujana wao.

"Ngazi," alisema fundi.

Binti akaitikia kwa kichwa, machozi yakamlengalenga. Akaeleza kwamba ni figo, kwamba mzee alilala kitandani tangu mvua zilizopita, na kwamba maziko ni kesho alasiri. Kuhusu kipimo, alisema vijitabu vya zamani vya ligi ya mpira wa kikapu, alikochezea ujanani, vilimwandika mita mbili na sentimita kumi.

"Waongo wakubwa wale!" fundi alimaka. "Kila klabu ilikuwa inarefusha wachezaji wake ili kutisha wenzao. Mchwa wetu alipigwa picha kasimama juu ya tofali! Baba yako alikuwa mita mbili na nne, na hapo kavaa viatu." Akacheka, kisha akaona haya kucheka. "Mlikuwa mnakaa wapi siku zote?"

"Palepale, nyuma ya kiwanda cha sabuni."

"Mbona sikuwahi kumwona akipita hapa?"

"Alikuwa akipita barabara ya nyuma, baba mkubwa. Alisema hataki upate taabu ya kugeuza uso."

Hakuyasema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomchoma mzee. Akamuuliza kwa nini anamwita baba mkubwa. Binti akashangaa kuulizwa: kwao walifundishwa hivyo tangu wadogo. Kapteni ni baba mkubwa, na Mchwa, Faulo na Shoto ni baba wadogo. Picha yao ilikuwa sebuleni, na kila mtoto aliwajua kwa majina.

Sasa hapa lazima msikilizaji aelezwe, maana bila hivyo atamwona Kapteni ni mtu mwema tu mwenye randa.

Timu yao iliingia ligi ya kulipwa huku watu wakiicheka. Ukumbi wao ulivuja, na mvua ikinyesha mchezo ulisimama kwanza watu wadeki. Msimu wa kwanza walifungwa mpaka mashabiki wao wakawa wanakuja na vitabu vya kusoma. Msimu uliofuata akaja Ngazi. Ala! Mipira iliyokuwa ikigonga chuma na kwenda kwa wengine sasa ikawa inatua mikononi mwake kama kuku anayerudi bandani. Wakashinda, wakashinda tena, wakafika fainali, na sekunde za mwisho Ngazi akaudaka mpira ulioshindikana, akamrushia Shoto, Shoto akafunga kwa mkono wake wa kushoto. Kapteni akabeba kikombe. Mji haukulala.

Raha yao haikufika hata mwezi. Ligi ikagundua kwamba msimu uleule Ngazi alikuwa ametia saini kwanza na klabu nyingine, na mkataba ule haukuwa umevunjwa. Ubingwa ukafutwa. Medali zikakusanywa ndani ya mfuko wa plastiki kama viazi. Wafadhili wakakimbia, timu ikashika mkia msimu uliofuata, na mwishowe hata jina lake likauzwa kwa watu wa mji mwingine. Mpaka leo, ligi inapofunguliwa, mtangazaji wa redio huwasoma mabingwa mwaka kwa mwaka, na akiufikia mwaka ule anauruka kama dereva anavyokwepa shimo.

Ngazi alijitetea. Alisema meneja wa timu ndiye aliyemhakikishia kwamba mambo ya kule yamekwisha. Na ilikuwa kweli. Wote walijua ni kweli, Kapteni wa kwanza. Lakini meneja alikuwa keshayeyuka zamani, na hasira haingoji mwenye kosa, humshukia aliye karibu. Chumbani mwa kubadilishia nguo, mbele ya wote, Kapteni alisimama akasema: "Kuanzia leo huyu si mwenzetu. Asipewe mkono, asisalimiwe. Hata akifa tusimzike."

Nani alimtuma ataje kifo? Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na yeye ulimi wake ulijikwaa mbele ya mashahidi. Ngazi alichukua mkoba wake akaondoka. Mlangoni aliinamisha kichwa, kama kawaida yake, asigonge.

Basi siku ile Kapteni alipasua mbao mwenyewe, hakumruhusu fundi mwingine aziguse. Mchana mkewe alimletea chai akamkuta analia juu ya msumeno. Mama yule hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Jeneza utalitengeneza, sawa. Nani atalibeba?"

"Watu wake."

"Watu gani? Binti kaniambia pale nje, upande wa mama yao wote wafupi. Ngazi abebwe na watu wanaomfika kiunoni, aserereke mpaka shimoni? Waite wenzako."

"Hawatakuja, mama watoto. Wanamchukia."

"Umewauliza?"

Hakuwa amewauliza. Walikuwa wakikutana kwenye harusi za watoto wao, wakila na kutaniana, na jina la Ngazi halikutajwa hata kwa bahati mbaya. Akaweka chini msumeno, akachukua simu. Kama wangekataa, aibu ya kesho ingekuwa yake, maana amri ilikuwa yake.

Wa kwanza alikuwa Mchwa, aliyekuwa mfupi kuliko wote na mwenye maneno kuliko wote, siku hizi anauza miwani. Kapteni akampa habari, akamtajia maziko ya kesho.

"Kapteni, unaniuliza au unaniambia?"

"Nakuambia."

"Basi nakuja."

Faulo, ambaye enzi zake hakumaliza mchezo bila kutolewa nje, na ambaye dunia ilivyo na vituko alistaafu akiwa mwalimu wa nidhamu, aliuliza saa tu. Shoto, fundi cherehani, alisema "nitakuja" na hapohapo akaanza kulia kwa sauti mpaka mkewe akamnyang'anya simu. Kapteni alikaa akiitazama simu. Hakutegemea ingekuwa rahisi hivyo.

Kesho yake walikutana nje ya nyumba ya Ngazi wakiwa na masuti ya kubana na magoti mabovu. Kapteni na Faulo walishika mbele, Shoto na Mchwa nyuma. Mchwa alikunja koti lake akaliweka begani apate kulingana na wenzake.

"Tofali liko wapi leo?" Faulo alimnong'oneza.

"Nyamaza, mzee wa madhambi," alijibu Mchwa, machozi yakimtiririka.

Jeneza lilikwenda sawasawa, halikuinama upande wowote, na Ngazi akazikwa amenyooka.

Watu walipoanza kutawanyika, wale wanne walikaa ukutani pembeni ya makaburi. Kapteni akawashukuru. Akasema hakujua kama wangeweza kumsamehe yule.

"Kumsamehe?" Mchwa alimgeukia. "Mimi nilimsamehe mwaka uleule. Nimefika mpaka getini kwake mara nyingi, nikarudi."

"Ulirudi kwa nini?"

"Wewe hujaifuta amri."

Kapteni akamtazama Faulo. Faulo aliinamisha kichwa. "Mimi nikimwona njiani nilikuwa navuka barabara. Nikifika nyumbani sili."

"Suti yake ya kumwozea binti nilimshonea mimi," alisema Shoto. "Nilimwambia mke wake asimwambie ni nani."

"Miaka yote hii!" Kapteni alipiga ukuta kwa kiganja. "Kwa nini hamkunikaidi? Mimi nilikuwa nangoja mmoja wenu anikaidi! Mmoja tu, nimkaripie, halafu nimfuate nyuma!"

"Tulikukaidi lini sisi?" alisema Mchwa taratibu. "Ulisema kimbia, tukakimbia. Ulisema mkabe, tukamkaba. Ulisema tusimsalimie."

Binti akaja kuwashukuru, akapiga magoti mbele yao, Kapteni akamwinua. Akamuuliza kwa nini hawakuambiwa mapema, baba yake alipokuwa bado anaongea.

"Nilitaka kuwaita, baba mkubwa. Alipozidiwa nikamwambia, baba, niwaite wenzako. Akakataa. Alisema wakija watakuwa wamemvunjia kapteni wao amri. Alisema, 'Nilishawapotezea kikombe, nisiwapotezee na timu.'" Alijifuta uso. "Hata kwako nisingekuja. Ningepata jeneza la kumtosha kule sokoni, ningemzika tu."

Kapteni alisimama. Akawageukia wenzake, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya wakati wa mchezo, ya kupigia watu kelele kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine.

"Nimeifuta! Mnasikia? Ile amri nimeifuta!"

Wachimbaji walikuwa wanakusanya sepetu zao waende nyumbani.